Milimita Arobaini

Ubavuni mwa tairi la baiskeli nyeusi, ile ya kazi inayouzwa katika masoko ya Lubumbashi, kuna maandishi: 28 × 1½, na pembeni yake, kwa namba ndogo ambazo vumbi huzifuta mapema, 40-635. Tairi la mashindano ya changarawe, lile linaloagizwa kwa fedha nyingi kutoka nje, mara nyingi limeandikwa 40-622. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Basi kati ya baiskeli ya mchukuzi wa makala anayeingia mjini kukipambazuka na baiskeli ya mshindani anayesubiri kuanza mbio huko Kansas, rimu zinatofautiana kwa milimita 13, na upana wa tairi ni uleule.

Usawa huo una sababu zake. Tairi la 28 × 1½ lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Uingereza za wakati ambapo lami ilikuwa bado anasa. Likasafiri na Raleigh ya Nottingham na viwanda vingine hadi kwenye makoloni, kisha India na China zikaendelea kulitengeneza kwa wanunuzi ambao barabara zao hazikubadilika sana. Huko lilikotoka wakaliacha. Kadiri lami ilivyoenea, washindani wa Ulaya walipunguza matairi yao hadi milimita 23, wengine hata 20, wakayajaza upepo mpaka kidole hakibonyezi kitu. Karne hii ilipoingia, wapenzi wa barabara za vumbi walianza kupanua tena: 32, 35, 38, kisha 40, na miaka ya karibuni wengi wamefika inchi 2.1 na 2.2, saizi za baiskeli za milimani. Wamerudi mahali ambapo mchukuzi wa makala hakuwahi kuondoka.

Mimi ni mwendeshaji wa Jumapili. Naendesha baiskeli ya mlima kwa kupenda tu, katika njia za miombo nje ya Lubumbashi, na nafuatilia mbio za changarawe za mbali kama wengine wanavyofuatilia mpira wa miguu. Kwa kuishi kati ya dunia hizi mbili nimefikia imani moja ambayo nataka kuitetea hapa: wachukuzi wa makala wa Haut-Katanga, na wenzao wanaovusha unga wa mahindi kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, wana mapokeo kamili ya changarawe, yenye elimu yake ya udongo, upepo na mzigo. Anayetaka kuelewa mchezo huu katika ardhi yetu aanzie kwao, na Kansas iwe darasa la pili.

Tuitazame kwanza Kansas, maana inastahili heshima yake. Mbio zinazoitwa leo Unbound Gravel zilianza mwaka 2006 katika mji mdogo wa Emporia, zikiwa na washiriki 34. Sasa huja maelfu. Jina la awali, Dirty Kanza, liliachwa mwaka 2020 kwa sababu Kanza ni jina la watu wa taifa la Kaw, wenyeji wa asili wa eneo lile, na lilikuwa limeunganishwa na neno la uchafu. Njia kuu ni maili 200, kama kilomita 320, ndani ya vilima vya Flint Hills. Vilima hivyo vimejaa jiwe la jamii ya gumegume, ambalo likivunjika hutoa makali ya kukata ngozi. Kila mwaka kuna mshindani mwenye mapafu na miguu ya kushinda ambaye anabaki kando ya barabara, tairi limechanika ubavuni, utomvu mweupe wa kuziba matundu unamwagika kwenye vumbi. Mwaka 2023 mvua iligeuza kipande cha mapema cha njia kuwa tope zito lililoshika magurudumu yasizunguke. Watu walibeba baiskeli mabegani kwa kilomita kadhaa, na waliojiandaa walikuwa na vijiti vya kukorogea rangi ya nyumba, vya kukwangulia tope. Keegan Swenson ndiye aliyeshinda kwa wanaume, Carolin Schiff kwa wanawake, na ukiwauliza mashabiki wa mwaka ule watakueleza habari za vijiti kabla ya habari za washindi.

Ardhi yetu hukata kwa namna nyingine. Ukiacha lami upande wa Kasenga na kuingia msituni, unakuta udongo mwekundu wenye punje za chuma, duara na ngumu, zinazobingirika chini ya gurudumu la mbele hasa kwenye kona. Katikati yake hutokeza mawe meupe ya kwatzi. Kuanzia Agosti moto wa nyasi ukishapita, njia hujaa visiki vya miti michanga iliyokatwa kwa panga, vimeungua na kuchongoka, vimefichwa na majivu. Hao ndio maadui wakubwa wa tairi huku kwetu. Vichuguu vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba ya kawaida, vinalazimisha njia kuzunguka, na kwa hiyo njia za Katanga hazina mistari mirefu iliyonyooka kama ile ya Kansas. Zinapinda na kupinduka, na kila kichuguu kinakuficha anayekuja mbele yako. Novemba mvua ikianza, udongo wa vichuguu unateleza kuliko wowote ninaoujua. Anayejua hupita pembeni, juu ya majani.

Mtu anayepita njia hizo akiwa na magunia ya makala anapaswa kuyajua yote haya kwa uzito wa kilo mia na zaidi nyuma yake. Magunia yamesimamishwa na kufungwa kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu kuukuu, mengine yamelazwa juu ya keria iliyoongezwa vyuma na fundi. Mti mmoja wenye panda umechomekwa kwenye mzigo; akisimama kupumzika, mti huo ndio mguu wa tatu wa baiskeli. Kwenye mpando anashuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya gunia. Kwenye mteremko anapanda, na hapo ndipo ustadi wake unapoonekana. Breki za vyuma za baiskeli ile hazikutengenezwa kwa mzigo kama huo, hivyo anachagua mapema mstari wa kupita, anaachia mwendo pale tu anapoona mwisho wa mteremko, na hageuzi usukani ghafula kwa hali yoyote. Waendesha baiskeli za milimani hulipa walimu wawafundishe kutazama mbali na kuacha gurudumu lipite lenyewe. Nimewafuata wachukuzi hawa nikiwa nyuma yao kwenye mteremko, na sijaona somo lililo bora zaidi.

Siku moja tulipumzika pamoja kivulini, mmoja wao na mimi. Alikuwa kijana kuliko mimi, akaniita yaya, kama huku tunavyomwita ndugu mkubwa. Alilitazama tairi langu la nyuma, akalibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea. Akatikisa kichwa. “Mupepo iko kidogo sana, yaya. Na hii hautabeba kitu.” Nikabonyeza la kwake. Halikusogea.

Nilipofika nyumbani nilifanya hesabu, na matokeo yake yamekaa nami tangu siku ile. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi hupatikana, kwa makadirio, kwa kugawa uzito ulio juu ya gurudumu kwa shinikizo la upepo ndani yake. Gurudumu langu la nyuma hubeba kama kilo 45, nami huweka upepo wa karibu baa 1.8. Jibu ni kama sentimita 25 za mraba, yaani mraba wa sentimita tano kwa tano. Gurudumu lake la nyuma, likiwa limebeba kilo 100 kwa upepo wa baa 4, linatoa jibu hilohilo: sentimita 25 za mraba. Tairi lake gumu na tairi langu laini yanagusa udongo wa Katanga kwa eneo moja. Wahandisi wa matairi wametumia maabara na vipimo kutuambia tupunguze upepo, kwa sababu tairi gumu lisilo na mzigo hurukaruka juu ya kila jiwe na nguvu ya mwendeshaji hupotea kwenye kurushwarushwa huko. Yule kijana naye, kwa kidole gumba na kwa kuharibikiwa rimu mara nyingi, alikuwa amefika kwenye kipimo kinachomfaa, na vipimo vyetu viwili vilikutana kwenye udongo. Alisema kweli: kwa upepo wangu nisingebeba kitu.

Ulinganisho huu unaendelea hadi ndani ya tairi. Washindani wengi wa changarawe wameacha tyubu. Tairi hukaa kwenye rimu bila kupitisha upepo, na ndani yake humwagwa utomvu wa mpira ambao huziba tundu dogo papo hapo. Tundu likiwa kubwa, mtu husokomeza kipande cha uzi wenye gundi. Wengine huweka ndani mkanda wa povu zito kuzunguka rimu, ili jiwe likigonga rimu isipasuke. Nenda sasa kwa fundi wa baiskeli katika komini ya Kenya, Kenya ya hapa kwetu. Anachukua tairi lililochoka, anakata kingo zake mbili zenye waya, anabaki na mkanda mrefu wa mpira. Anaulaza ndani ya tairi zima, kati yake na tyubu, anaulainisha kwa vidole mpaka usiwe na mkunjo hata mmoja, kwa sababu mkunjo ungeila tyubu kidogokidogo. Mwiba ukipenya tairi la nje unakutana na la pili. Mkanda wa povu wa Ulaya na mkanda wa fundi wa Kenya vina lengo linalofanana sana, na wa fundi ulikuwepo kabla povu halijafika katika baiskeli zetu.

Tairi likichanika ubavuni, fundi hulishona kwa uzi wa nailoni, kisha anaweka kiraka cha tairi kwa ndani. Mshindani wa Kansas katika shida hiyohiyo hukunja noti ya dola au ganda la chakula chake na kuliweka chini ya mpasuko, akiomba limfikishe mwisho. Hapo mapokeo haya mawili yanatengana. Noti ile inahitajika kwa saa tatu. Mshono wa fundi unahitajika kwa msimu mzima. Katika mbio, tairi ni kitu cha kutumiwa mpaka kiishe ili kununua mwendo. Hakuna anayeuliza litakuwaje wiki ijayo. Kwa mchukuzi, tairi ni sehemu ya faida yake. Kila kilomita linalodumu ni pesa isiyotoka mfukoni, na mwendo anaupunguza ili kulilinda. Yeye hulipima tairi kwa safari litakazomaliza, wengine kwa dakika litakazookoa. Kila aina ya tairi ninayoiona dukani imebuniwa kujibu swali la dakika. Swali la safari limeachiwa mafundi walibebe peke yao, kwa wembe, uzi na karai la maji.

Tairi lina deni katika nchi hii, na sioni jinsi ya kuandika juu yake Kongo bila kulitaja. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alisajili tairi la upepo mwaka 1888. Mwaka 1891 ndugu Michelin walileta tairi linaloweza kuvuliwa na kurudishwa kwa urahisi, na Charles Terront akashinda nalo mbio za Paris–Brest–Paris mwaka huohuo. Ulaya ikashikwa na homa ya baiskeli, na bei ya mpira ikapanda. Wakati huo Kongo ilikuwa milki binafsi ya Leopold wa Pili, tangu 1885 hadi 1908. Mpira wa kwanza wa Kongo ulitoka kwenye mitambaazi ya msituni ya jamii ya Landolphia. Wakusanyaji walijipaka utomvu mikononi na kifuani ili ugande, kisha wakaubandua pamoja na nywele. Vijiji vilivyoshindwa kutimiza kiwango vilichomwa moto, wanawake walitekwa ili waume warudi msituni, watu walikatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya 1904 na maandishi ya E. D. Morel yaliilazimisha dunia kutazama. Maeneo yaliyoumia zaidi yalikuwa misitu ya kaskazini-magharibi, mbali na Katanga, lakini ni nchi moja, na vitabu vingi vya historia ya baiskeli bado vinamtaja Dunlop na kuruka hadi washindi wa mbio. Utomvu ninaomimina ndani ya tairi langu ni wa mpira pia. Kiangazi cha hapa huukausha haraka, na kila ninapoujaza upya nawakumbuka wale watu.

Kuna mapokeo ya tatu ambayo watu wa baiskeli za milimani huyasimulia kama hadithi ya uumbaji. Miaka ya 1970, katika kaunti ya Marin, California, vijana walikuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za Schwinn. Mbio zao za mteremko wa Repack zilianza mwaka 1976, na jina lilitokana na breki: joto la mteremko liliyeyusha grisi yote ya breki za ndani ya kitovu, ikabidi ipakwe upya kila baada ya kuteremka. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu ya kwanza iliyokusudiwa kazi hiyo; Gary Fisher, Charlie Kelly na Tom Ritchey wakaigeuza kuwa biashara. Kinachonivutia ni baiskeli walizoanza nazo. Zilikuwa na matairi manene ambayo Frank Schwinn aliyaleta sokoni mwaka 1933, na wengi waliozitumia walikuwa vijana wa kusambaza magazeti, wenye mizigo kwenye usukani na barabara mbovu mbele yao. Baiskeli ya mlima ni mtoto wa baiskeli ya kazi. Ritchey mwenyewe alionekana kulikumbuka hilo alipofika Rwanda mwaka 2005, akaona baiskeli za mbao zikibeba kahawa na viazi, akarudi kusaidia kuandaa mashindano ya Wooden Bike Classic mwaka 2006 na kubuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Miaka sita baadaye Adrien Niyonshuti, Mnyarwanda, alishindana katika baiskeli ya mlima kwenye Olimpiki ya London na kumaliza.

Goma nako kuna chukudu, ambalo halina hata pedali. Ni la mbao, magurudumu yake yamevikwa ukanda wa tairi kuukuu, na mpanda chukudu hupiga goti ubaoni huku mguu mwingine ukisukuma ardhi. Hapo chini ni mawe meusi ya lava ya Nyiragongo, ambayo yangemaliza tairi la changarawe kwa asubuhi moja. Mwaka 2009 mji ulilijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Lubumbashi haijamjengea sanamu mchukuzi wa makala, na pengine haiwezi kirahisi: kazi yake inakula miombo, kila gunia ni miti, na msitu unazidi kusogea mbali na mji mwaka hadi mwaka. Anaendesha mbali zaidi kwa sababu hiyohiyo. Nalisema hili kwa sababu kumheshimu mtu kwa ustadi wake si kuficha gharama ya kazi yake, na gharama hiyo hakuichagua yeye peke yake. Mji mzima unapikia makala.

Ulaya ya lami ina uhusiano wa ajabu na vumbi. Paris–Roubaix, iliyoanza 1896, inaishi kwa sababu ya vipande vya mawe vya kaskazini mwa Ufaransa, na kuna chama cha watu wanaojitolea kuyalinda na kuyapanga upya mawe hayo. Italia, Giancarlo Brocci alianzisha L'Eroica mwaka 1997 kwa lengo la kuziokoa barabara nyeupe za Toscana zisiwekwe lami; kutoka kwake, mwaka 2007, yakazaliwa mashindano ambayo sasa yanaitwa Strade Bianche. Naupenda mwito wao. Vilevile namwelewa mama wa Kipushi anayeingoja lami miaka yote, ambaye barabara ya vumbi kwake ni gari la wagonjwa lililokwama na bei ya unga kupanda kila mvua inaponyesha. Anayeililia barabara ya vumbi ni yule ambaye nyumbani kwake lami imefika. Sioni kosa kwa Mtoscana wala kwa mama wa Kipushi. Lakini mtu wa Lubumbashi anayeiga kilio cha Toscana bila kumwuliza jirani yake amechukua wimbo usio wa kwao.

Na vumbi letu lina jambo la peke yake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Célestin Banza Lubaba Nkulu akiwa mbele, pamoja na wenzao wa Leuven, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini vya Katanga. Kiasi cha kobalti walichokikuta kwa walioishi ndani ya kilomita tatu kilikuwa miongoni mwa vilivyo juu kabisa kuwahi kupimwa kwa watu wa kawaida, na watoto walikuwa na kingi kuliko watu wazima. Vumbi lilihesabiwa kuwa mojawapo ya njia za kuingia mwilini. Katika Flint Hills mwendeshaji hukohoa chokaa, akaoga, yakaisha. Hapa, njia inayopita nyuma ya malori ya madini ni njia ya kuepukwa kwa nguvu zote. Ndiyo maana ninapochagua njia ya Jumapili sitazami kwanza vilima wala mandhari. Natazama malori yanapita wapi na upepo unavuma kutoka upande gani. Mchukuzi wa makala mara nyingi hana nafasi ya kuchagua. Anapita palipo na soko.

Tukirudi Afrika Mashariki, jaribio kubwa la kuunganisha mapokeo haya limefanyika Kenya. Migration Gravel Race ilianza mwaka 2021 katika nchi ya Wamaasai, siku nne, kama kilomita 650, na wazo la mradi wa Amani ulioiandaa lilikuwa bayana: waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda wamehangaika vya kutosha na viza na nauli, sasa mabingwa wa Ulaya na Marekani waje wapambane nao hapa. Nahodha wa timu ya Amani, Suleiman Kangangi, aliyejulikana kama Sule, alikuwa moyo wa wazo hilo. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za changarawe za Vermont Overland, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Timu iliendelea. Septemba 2025 Kigali ikapokea ubingwa wa dunia wa barabarani, wa kwanza barani Afrika, na vijana wengi wa ukanda wetu waliona kwa macho yao yale waliyokuwa wakiyaona kwenye simu.

Nayafurahia yote haya, na bado naona pengo. Migration imewaleta mabingwa kwenye ardhi ya Afrika, ila mtu anayeitumia ardhi hiyo kwa baiskeli kila siku bado yuko kando ya njia, anapunga mkono. Kenya wenyewe wanajua baiskeli ya kazi inaweza kuzaa nini: boda boda zilianza kama baiskeli za kuvusha abiria kwenye mpaka wa Busia na Malaba, miaka ya 1960, na leo neno hilo linajulikana mpaka kwa watu wasiowahi kufika mpakani. Mbio za Haut-Katanga zingeweza kuanzia pale ambapo wengine hawajafika.

Ningeziweka Julai. Mvua imekwisha tangu Aprili, asubuhi ni baridi, moto mkubwa wa nyasi haujapita, kwa hiyo visiki bado vinaonekana. Njia iwe upande wa Kasenga, mbali na malori ya madini, na watu waondoke kabla jua halijachomoza, saa ambayo wachukuzi huwa tayari wako barabarani. Kuwe na kundi la wasio na mzigo na kundi la wenye mzigo: kilo 50 za unga wa mahindi kwenye keria, wala si makala, na unga huo ubaki katika kijiji cha mwisho. Baiskeli ya kundi la pili iwe nyeusi, ya 28 × 1½, na kila mshiriki wa kundi hilo atumie matairi ya saizi hiyo. Zawadi itolewe kwa matairi, tyubu na cheni, kwa makundi yote mawili kwa kiwango sawa.

Kanuni moja ya mbio za mbali nisingeichukua. Mbio ndefu za kujitegemea, kuanzia zile za kuvuka Ulaya hadi Race Around Rwanda, zinakataza msaada wowote kutoka nje usiopatikana na kila mshiriki, na wanaozipenda huona utukufu katika upweke huo. Katika njia zetu kumwacha mtu aliyetobokewa ni aibu, na kila umbali mfupi kuna fundi chini ya mti mwenye pampu na karai. Msaada uruhusiwe, wa fundi na wa mshindani mwenzako. Nao wasaidizi wasipoteze kwa wema wao: muda wanaoutumia kusaidia uandikwe na upunguzwe kwenye jumla yao. Watu wa baharini wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Katika Vendée Globe ya 2020–2021, Yannick Bestaven aligusa mstari wa mwisho akiwa wa tatu, akatangazwa mshindi kwa sababu alirudishiwa saa 10 na dakika 15 alizotumia kumtafuta Kevin Escoffier aliyezamiwa na mashua. Kwetu ingetosha karani mmoja katika kila kituo, daftari, na neno la yule aliyesaidiwa.